Heshima Iliyomng'oa Mwalimu Meno

Jino la kwanza la Mwalimu lilianguka mbele yetu sote, mchana kweupe, kwenye uwanja wa kigango chetu kule Kivukoni. Misa ya mavuno ilikuwa imekwisha na wanakwaya tulikuwa tumekaa kwenye mikeka tukitafuna mahindi ya kuchoma. Mwalimu akauma hindi lake, akasita, akatia vidole viwili mdomoni, akatoa jino. Hakupiga kelele, wala damu haikumwagika ya kutisha mtu. Aligeuza lile jino juani, akalifuta kwa leso, akalitia kwenye mfuko wa shati na kuendelea kutafuna kwa upande wa pili.

"Uzee huo, Mwalimu," mmoja wetu akasema, nasi tukacheka kwa adabu.

Hakuwa mzee. Nywele zake zilikuwa nyeusi bado, na alikuwa akiendesha baiskeli kutoka kwake hadi Ifakara mjini na kurudi akiwa na gunia nyuma. Watu walipoanza kukusanya mikeka aliniita pembeni. Alituita kwa sauti tulizoimba, si kwa majina, na mimi nilikuwa Sauti ya Pili.

"Wewe Sauti ya Pili ndiye mtu wa meno. Litazame hili. Lina tundu?"

Nikalipokea. Lilikuwa jino la mbele, jeupe kuliko meno ya wengi wetu, zima kabisa. Ila kwenye mzizi, mahali ambapo fizi ilipaswa kushika, kulikuwa na ganda gumu la kahawia, kama ukoko uliokauka kwenye sufuria.

"Halina tundu, Mwalimu."

"Basi limeanguka kwa nini?"

Nilijua jibu. Nilikuwa tabibu wa meno, nimesomea, nimeajiriwa kwenye kituo cha afya, nina koti jeupe. Nikamwambia, "Pita kituoni siku moja tuangalie," kwa sauti ya mtu anayeomba asikubaliwe. Hakupita. Na mimi, Mungu anisamehe, nikashukuru.

Naandika haya nikiwa na hasira, na sehemu kubwa ya hasira hiyo ni juu yangu mwenyewe. Lakini haiishii kwangu. Inawafikia wote tuliosimama mbele ya yule mtu kwa miaka, tukajua kinachomtokea, tukanyamaza, halafu kunyamaza kwetu tukakuita heshima.

*

Alikuwa mwalimu wa kwaya. Shule alifundisha zamani akaacha, lakini cheo kilibaki, na hata mkewe alimwita Mwalimu. Kanuni yake ya kwanza ilikuwa kwamba kosa linasemwa papo hapo, kwa mwenye kosa, usoni.

"Nikikuacha uimbe vibaya kwa kukuonea haya," alikuwa akisema, "nimekudharau. Maana yake nimekuona hurekebishiki."

Hakuchagua mtu. Siku moja katekista wetu aliomba kuimba ubeti wa kwanza peke yake. Alipofika katikati Mwalimu akainua mkono. "Katekista, hapo umeteleza. Rudi." Katekista akarudi, akateleza tena, akaambiwa tena arudi. Mara ya nne alipatia, na usoni mwake ukaona furaha ya mtu aliyevushwa mto.

Mimi aliniambia nikiwa na miaka kumi na minne kwamba ninaimba kama mbu aliyefungiwa ndani ya chandarua. Nililia njia nzima hadi nyumbani. Mama yangu akasema basi acha kwaya, kuna vyama vingine vya wasichana. Jumamosi iliyofuata Mwalimu alikuja mwenyewe hadi mlangoni, akanisalimia kana kwamba hakuna kilichotokea, na kwa wiki nyingi baada ya hapo, wenzangu wakishaondoka, alibaki nami nusu saa akinifundisha kuitoa sauti puani na kuishusha kifuani. Hakuomba radhi hata mara moja. Alirekebisha tu mpaka ikarekebishika.

Njia yake ya kurekebisha ndiyo inayohusika hapa. Ukikosea noti alikuja karibu, akainama, uso wake ukawa shubiri moja tu kutoka usoni mwako, akakuimbia ile noti ili uione inavyotoka. "Tazama mdomo wangu," alisema. Tulitazama. Na tulinusa.

*

Nieleze kidogo, kwa sababu watu wengi wanaokuja kwangu wanaamini jino huharibika kwa njia moja tu, kutoboka. Wakiona hakuna tundu wanarudi nyumbani na amani.

Fikiria dungu, kile kichanja tunachosimamisha kwenye mashamba ya mpunga kufukuzia ndege. Unaweza kuchagua nguzo za mti mgumu, usioliwa na mchwa. Lakini maji yakipita kila siku chini yake, yakala udongo kidogo kidogo, dungu litayumba, na siku moja litalala. Utaichomoa nguzo uitazame: nzima, imenyooka, haina hata ufa. Kilichokufa si nguzo. Ni udongo ulioishika.

Jino nalo limeshikwa na fizi, na chini ya fizi, mfupa. Chakula na vijidudu vya kinywani hujenga utando laini pale jino linapokutana na fizi. Usipoutoa, baada ya siku chache unaanza kuwa mgumu, unakuwa ugaga, na ugaga hautoki kwa mswaki. Fizi huvimba, huwa nyekundu, hutoa damu ukipiga mswaki. Hapo bado mambo yanarudi sawa kabisa ukisafisha. Ukipuuza, kwa watu wengi fizi huachana na jino, panakuwa na mfuko, uchafu unashuka ndani ya mfuko, mfupa unaanza kuliwa. Mara nyingi hakuna maumivu yoyote. Kunakuwa na damu, harufu, meno yanayoonekana kurefuka, na mwisho jino linacheza kama ufunguo katika kitasa kibovu.

Kwa hiyo mtu anaposema "uzee huo" mimi damu inanichemka. Jino halina tarehe ya kustaafu. Nimewaona mabibi wa Masagati wanaotafuna miwa na meno yao waliyopewa na Mungu, na nimewang'oa meno vijana wa bodaboda. Neno uzee ni blanketi tunalomfunika mgonjwa ili tusimtazame.

*

Jambo la ajabu ni kwamba Mwalimu alikuwa na meno meupe kuliko kijiji kizima, na alijivunia. Nyuma ya mashine ya kukobolea mpunga kuna vilima vya pumba, na pumba zile huchomwa. Yeye alichukua majivu yake, akayatwanga, akayachekecha kwa kitambaa, akayaweka kwenye kopo la maziwa ya unga, na asubuhi alisugua meno kwa kidole na mswaki wa mti. Alituhubiria. Nusu ya kwaya ilikuwa na makopo yao.

"Wazungu wanauza povu," alisema. "Sisi tuna pumba za Kilombero, bure."

Majivu ya pumba ni msasa. Yanang'arisha uso wa jino kama unavyong'arisha jembe, na taratibu yanalimaliza, lakini pale kwenye ukingo wa fizi, penye vita vyenyewe, hayasaidii, yanachubua tu. Basi fizi zikawa zinatoka damu. Na Mwalimu akafanya kosa linalofanywa na karibu kila mtu anayekaa kwenye kiti changu: aliacha kusugua pale penye damu. Kidonda si unakiacha kipone? Akili inasema hivyo. Lakini ile damu inatoka kwa sababu pachafu, na ukiacha kupasafisha unaupa uchafu shamba.

Yaani mtu huyu, ambaye kwenye wimbo hakuruhusu turuke sehemu ngumu, ambaye alitwambia kila Jumamosi, "Panapokukwama ndipo pa kurudia," kinywani mwake alikuwa akiruka sehemu ngumu kila asubuhi. Hakuna aliyemwambia. Mtu aliyejua yuko mstari wa pili, anaimba sauti ya pili.

*

Sasa niseme tulichofanya sisi.

Tulikuwa na maneno yetu. Mwalimu akianza kutembea kuelekea mstari fulani, mmoja alinong'ona, "Mto umejaa," na mstari mzima ulivuta pumzi na kuizuia. Wapya walifundishwa maneno hayo kabla hawajafundishwa nyimbo. Sauti ya kwanza walikuwa mabingwa. Waliweza kuimba mistari miwili bila kuvuta hewa, na Mwalimu, maskini, akawasifu kwa pumzi ndefu.

Tulicheka. Nami nilicheka. Tukiwa na shikamoo zetu, tukimpokea baiskeli, tukimpa kiti cha mbele kwenye kila sherehe. Ungetuuliza kwa nini hatumwambii tungeshangaa kwamba unauliza. Mtu mzima unamwambiaje kinywa chake kinanuka? Utaanzia wapi? Utakuwa umelelewa na nani?

Aliyenishtua kwa mara ya kwanza alikuwa Besi.

Besi alikuwa mfugaji wa Kisukuma aliyehamia bondeni na ng'ombe wake. Mwalimu hakuwapenda wafugaji. Msimu mmoja kundi liliingia shamba lake la mpunga upande wa Mofu likaacha matope matupu, na tangu hapo maneno yake juu ya ng'ombe yalikuwa makali kuliko mahubiri. Lakini asubuhi moja alikuwa akipita na baiskeli akamsikia mtu akiwaita ng'ombe waliokuwa majini. Akashuka. Akasimama akisikiliza. Halafu akaita, "Wewe! Njoo hapa!"

Yule mtu, mrefu kama mlingoti, alikuja huku amekwisha kuinua mikono. "Shikamoo mzee. Hao walioingia shambani si wangu, mzee, naapa!"

"Nani kauliza ng'ombe? Nauliza hiyo sauti. Unasali wapi?"

Ndivyo tulivyopata besi ya kweli. Wakulima wawili walinuna wakasema Mwalimu kaleta adui kanisani. Yeye akajibu, "Adui wangu ni besi nyembamba," na mjadala ukaisha.

Jumamosi yake ya pili Besi alisikia, "Mto umejaa." Akageuka, na kwa ile sauti yake ambayo haikujua kunong'ona akauliza, "Umejaaje na huu ni mwezi wa kiangazi?"

Walimvuta shati. Baada ya mazoezi wakamweleza nyuma ya kanisa, wakicheka. Besi hakucheka.

"Na mmemwambia?"

"Wee! Amwambie nani?"

"Kwetu ng'ombe akitoa harufu mdomoni tunamlaza, tunamfungua, tunatazama ana nini."

"Mwalimu si ng'ombe, bwana!"

"Ndiyo nashangaa," Besi akasema. "Ng'ombe anatazamwa."

Wakamtania wiki nzima, wakamwita daktari wa mifugo. Mimi nilijifanya natafuta kitu kwenye mkoba. Alikuwa mgeni, hajasoma, na alikuwa amesema kwa maneno machache kitu ambacho mimi nililipwa mshahara kukisema.

*

Sitaki mtu afikiri Mwalimu hakuhangaika. Alihangaika peke yake, na hilo linaniuma zaidi. Sokoni Ifakara kulikuwa na mtu mwenye spika aliyeuza kichupa cha maji mekundu, akitangaza kwamba fizi zinaliwa na wadudu na kwamba dawa yake inawatoa wakiwa hai. Mwalimu alikinunua. Kilimuunguza ulimi. Mtu yule hakuwahi kuingia darasa lolote, lakini alifanya kitu kimoja ambacho mimi sikukifanya: alisimama mbele za watu akasema neno fizi kwa sauti kubwa.

Mwalimu alianza pia kubadilika. Alitufundisha kufungua mdomo upana wa vidole viwili, kimoja juu ya kingine, na alipita akipima. Yeye mwenyewe aliimba na mdomo wa juu umeshuka kama pazia. Tulidhani ni utulivu wa mtu mkubwa. Baadaye nilielewa kwamba fizi zilikuwa zimerudi nyuma, meno yamerefuka, naye anaona haya. Aliacha kucheka. Kwenye harusi alichagua wali laini na mchuzi, nyama akampa jirani, akisema daktari amemkataza. Hakuna daktari aliyemkataza kitu. Daktari alikuwa mimi, nimekaa meza ya tatu.

Kisha akaacha kuja. Alituma ujumbe kwamba kifua kinambana. Wiki ya kwanza, ya pili, mwezi. Misa ya mavuno ilikuwa inakaribia tena, na mwenyekiti wa kwaya akasema kwa masikitiko kwamba itabidi kutafuta kijana wa kutoka mjini mwenye kinanda, Mwalimu apumzishwe kwa heshima.

Aliposema kwa heshima nilisimama nikatoka nje.

*

Nilikwenda kwake kesho yake. Mkewe, ambaye wote tulimwita Mama, alikuwa uani anapepeta mchele.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba mwanangu. Umekuja kumwona mgonjwa wa kifua?" Akacheka kicheko kisicho na raha. "Kifua chake kiko mdomoni. Huu mchele unaouona ni wa kwetu wenyewe, mpya, unanukia hadi barabarani. Yeye anakunywa uji. Mwezi wa pili huu, uji."

Mwalimu alitoka akiwa ameshika leso mdomoni. Nilimwamkia, akaitikia nyuma ya leso. Nikamwomba afungue mdomo nimtazame. Alikataa kwa kichwa. Mama akaweka ungo chini.

"Mwonyeshe, Mwalimu. Au nimwambie mimi?"

Akaketi, akageuza uso kwenye mwanga, akafungua. Nimefungua vinywa vingi lakini sijawahi kuona nilichokiona pale. Meno mawili ya chini ya mbele yalikuwa yamefungwa pamoja, na kufungwa tena kwenye majirani zake, kwa uzi wa nailoni wa nyavu za samaki, mafundo madogo safi kabisa.

"Nilimfunga mimi," Mama akasema. "Yalikuwa yanacheza akiongea. Kaka zangu wavuvi, fundo la wavu nalijua tangu mtoto. Kila likilegea nakaza."

Wazo halikuwa la kijinga. Hata sisi jino linalocheza huwa tunalifungia kwenye wenzake. Lakini kwanza tunasafisha. Ule uzi ulikuwa umekaa kwenye fizi na kila chakula kimenasa humo, kama magugu yanavyonasa kwenye wavu ulioachwa mtoni. Mkono wa mapenzi, wenye ufundi wa kweli, ulikuwa unakaza ugonjwa kila jioni. Na wawili hawa walikuwa wakifanya hivyo kilomita chache tu kutoka kwenye kiti changu.

Nikasimama mbele yake, uso kwa uso, shubiri moja, kama yeye alivyotufanya sisi.

"Mwalimu, kinywa chako kinanuka. Kimenuka muda mrefu. Fizi zako zinaumwa, na zinatibika."

Kuku walikuwa wakidonoa mchele uliomwagika, Mama hakuwafukuza.

"Tangu lini?" akauliza.

"Kabla ya lile jino la kwenye mahindi."

"Nani anajua?"

"Wote."

"Wote nani?"

"Kwaya nzima, Mwalimu."

Akaiweka leso gotini. "Mliniwekea jina? Nyie hamkosi jina."

"Tulikuwa tukisema mto umejaa, halafu tunazuia pumzi."

Mama akajifunika uso kwa kanga. Sikujua anacheka au analia. Mwalimu hakufanya lolote kati ya hayo. Aliinuka, akazunguka ua mara moja, akarudi akasimama.

"Kumbe mlinidharau."

"Tulikuheshimu, Mwalimu."

"Usinifundishe maneno!" Sauti ilikuwa ile ile ya mazoezi, ya kusimamisha wimbo. "Mimi niliwaambia nyie kila kosa. Kila moja! Katekista nilimwambia. Wewe nilikwambia, ukalia, nikakufuata hadi kwenu. Mimi mkaniona sirekebishiki. Na wewe uliyesomea haya, umekuwa ukizuia pumzi mbele yangu, kama sauti ya kwanza?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Basi wewe umenidharau zaidi."

Nilisema tu ndiyo mara ya pili. Akakaa, akapumua, na alipouliza tena sauti ilikuwa ya mtu mwingine.

"Yaliyobaki yatapona?"

"Mawili haya yaliyofungwa, hapana. Labda na mengine mawili. Mfupa ukishaliwa haurudi wenyewe. Lakini yaliyobaki tunaweza kuyashika, ukija kesho na ukifanya nitakachokwambia."

"Nitaweza kusimama mbele ya watu?"

"Ndiyo hiyo kazi yenyewe."

*

Alikuja asubuhi, kwa baiskeli, kabla sijafungua mlango. Nilikata uzi, nikang'oa manne. Nilimpeleka akapime kisukari, maana kisukari na ugonjwa wa fizi huchocheana, na kila mwenye fizi mbaya apime. Hakuwa na sukari. Alikuwa na ugaga, na alikuwa na sisi.

Kisha tukaanza kukwangua, upande mmoja kila alipokuja. Vipande vya ugaga vilidondoka kwenye sahani ya chuma na yeye, akiwa amelala kinywa wazi, alisikiliza. Kifaa kikipita kwenye ugaga kinakwaruza. Kikipita kwenye jino safi kinateleza. Baada ya muda akawa anainua kidole kabla yangu: hapo bado, rudi. Alikuwa sahihi. Mtu aliyekuwa na sikio lile angeweza kujitibu nusu yake kama angeambiwa tu.

Nilimpa mswaki laini. Nikamwonyesha kuulaza ukielekea kwenye fizi, kusugua taratibu, asubuhi na kabla ya kulala, kwa dawa ya meno, na kusafisha katikati ya meno. Akauliza afanye nini penye damu.

"Panapokukwama ndipo pa kurudia," nikamwambia.

Akanitazama kwa jicho baya. Lakini alirudia, na wiki ya tatu akaja kuniambia damu imekwisha, kwa kiburi cha mtu aliyeigundua dawa hiyo mwenyewe. Kopo la majivu Mama alilipandia mchicha.

Msomaji, kama fizi zako zinatoka damu, nawe anza leo, taratibu, pale pale penye damu, kisha nenda ukaonwe. Hujachelewa kama unavyodhani. Na kama unamjua mtu mwenye hali hiyo ukanyamaza, kwako sina maneno ya upole.

*

Sasa Mwalimu anaishi Masagati kwa binti yake, nami husikia habari zake kwa watu wa treni ya Mlimba: anafundisha kwaya huko, na anawapima watu midomo kwa vidole viwili. Lakini mimi nikimkumbuka naikumbuka Jumamosi moja mchana, wiki mbili kabla ya ile misa ya mavuno. Mwenyekiti alikuwa mbele anatusomea jina la kijana wa kinanda. Baiskeli ikasikika nje. Mwalimu akaingia, akamnyang'anya mwenyekiti karatasi, akaikunja, akaitia mfukoni.

"Simameni. Mstari mmoja."

Tukasimama. Hakusema habari za kifua wala za mto, na kila mtu alijua kwamba anajua. Alikwenda kwa wa kwanza, dada wa sauti ya kwanza mwenye pumzi ndefu kuliko wote, akasogeza uso hadi shubiri moja.

"Haaa," akampulizia. "Sema."

"Safi, Mwalimu," dada akasema, macho chini.

Akaenda kwa wa pili. "Haaa. Sema."

"Safi kabisa, Mwalimu."

Wa tatu safi. Wa nne, safi kama maua. Kila safi ilimwongezea mkunjo kwenye paji la uso. Alipofika kwangu alinipita. "Wewe ulishasema." Akaendelea na waliobaki, safi, safi, shikamoo na safi, mpaka mwisho wa mstari aliposimama Besi.

Ilibidi Besi ainame. Akapuliziwa. Akaomba apuliziwe tena. Mtu mmoja akamkanyaga mguu, naye akauondoa mguu wake.

"Bado kidogo, Mwalimu," akasema kwa sauti iliyojaza kanisa. "Lakini maji yanapungua."

Hakuna aliyevuta pumzi. Mwalimu akamkazia macho. Halafu akacheka, mdomo wazi, vidole viwili kamili, pengo la chini likiwa nje kwa kila mtu kuliona, na meno yaliyobaki yamesimama.

"Haya, mmoja ameimba," akasema, akarudi mwanzo wa mstari, kwa yule dada wa kwanza. "Ninyi wengine mmeteleza. Turudie."